Tunahamia Watertown, New York (karibu na Fort Drum): watoto niwazoeshe mji kuanzia wapi?

MamaZuu_Msa

Assalam aleikum na habari zenu wote. Naomba mawazo yenu manake mwenzenu silali, kila nikifumba macho naona theluji.

Mume wangu alipata grinkadi ya bahati nasibu, akaenda mbele akajiunga na jeshi huko, na sasa ni mwaka wa pili yuko kambi ya jeshi ya Fort Drum. Karatasi zetu zimekamilika alhamdulillahi, viza zimetoka, twasafiri katikati ya mwezi wa kumi. Nina wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa 6. Hawajaenda popote zaidi ya kwa bibi yao Kwale na Nairobi mara moja harusini. Wa kiume akilini mwake Marekani ni maghorofa ya kwenye TV, na babake ameshaniambia wazi kwamba huo mji ni mdogo, watu elfu 24 na kitu tu, waumaliza kwa gari kabla wimbo haujaisha. Msichana naye ananiuliza, mama tutakaa kambini kama wale watoto wa laini za polisi? Sikuwa na jibu.

Kuhusu karatasi, kadi za jeshi na bima siulizi, hayo baba yao ayajua. Ninalouliza mimi ni la watoto. Nikishuka na hawa wawili, baridi imeanza, jua latua mapema, babao ameshasema mwezi wa kumi na moja atakuwa fildi, yaani mazoezi ya jeshi porini, wiki kadhaa, nami sijui hata barabara moja, naanza vipi kuwaonyesha ule mji mpaka wauone ni wao? Sitaki wakae ndani na tableti mpaka mwezi wa nne. Aliyeishi huko tafadhali aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Shangazi_Tanga

Waaleikum salaam mdogo wangu, karibu sana. Watertown nimekaa miaka minne na watoto watatu, tumehama mwaka juzi tu, na mpaka leo wa kati akiulizwa kwenu wapi anasema Tanga na Watertown. Kwa hiyo punguza hofu.

Nikwambie kosa langu ili wewe usilirudie. Mimi mwanzo niliwazoesha watoto kambi nikausahau mji. Mwezi mzima ni getini, duka la kambini, kliniki ya kambini, uwanja wa michezo wa kambini, nyumbani. Nikaona ndo usalama. Baba yao alipoondoka safari yake ya kwanza ya miezi tisa ndo nikajua nimekosea wapi, manake kila wanachokiona kinawakumbusha kwamba baba hayupo. Gwanda huku, gwanda kule. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka minne na nusu, siku moja tuko kwenye foleni ya duka akaenda akamkumbatia mguu askari mmoja kwa nyuma, kumbe yule kijana alikuwa na umbo kama la baba yake. Askari akageuka, mtoto akainua macho akaona sura siyo, akabaki ameng'ang'ania kile kitambaa cha suruali hajui aachie au alie. Yule kijana wa watu hakusema kitu, alichuchumaa pale pale na maziwa yake mkononi akamwacha ashike mpaka achoke. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba hawa watoto lazima wawe na sehemu ambazo hazina gwanda, sehemu zao wenyewe.

Sasa bas, sehemu ya kwanza iwe maktaba. Inaitwa Flower Memorial Library, iko katikati ya mji mtaa wa Washington, jengo la marumaru la mwaka 1904, binti wa gavana mmoja wa zamani wa New York alilijenga kwa ajili ya kumkumbuka baba yake. Hilo la binti na baba yake mwambie mkubwa wako atalishika. Watoto wakatiwe kadi za maktaba zao wenyewe, zenye majina yao, siyo kadi yako. Usiseme ni kitu kidogo. Mtoto aliyetoka nchi nyingine anabebwa na karatasi za baba, viza ya baba, kadi ya jeshi ya baba, hiyo kadi ya maktaba ndo kitu cha kwanza kwenye ule mji kinachomjua yeye kama yeye. Wa kwangu alilala nayo chini ya mto.

Halafu watembeze kwa miguu pale Public Square kabla baridi haijakaza. Wasimulie kwamba hapo mwaka 1878 kulikuwa na kijana karani wa duka anaitwa Frank Woolworth, alipanga meza ya vitu vya senti tano tano, kila kitu mezani bei moja, vikaisha, na wazo hilo likaja kuzaa maduka yake nchi nzima. Watoto wa Mombasa hawahitaji kuelezwa mara mbili, wameshawasikia wale wa "kila kitu hamsini hamsini" wanavyoita barabarani. Wakijua kwamba duka la hamsini hamsini la Wamarekani wazo lake lilitoka kwenye hako kamji kao wataanza kukaheshimu.

Na mto. Black River unapita ndani ya mji kabisa, unaporomoka kwa kelele, watu wanateremka na maboti ya mpira majira ya joto, na hayo maporomoko ndo yaliyoendesha viwanda vya karatasi vya zamani. Simameni darajani muusikilize tu.

Ila kubwa kuliko yote, na hili kwa mtoto wa pwani naliweka namba moja: wapeleke Sackets Harbor. Ni kijiji kando ya ziwa Ontario, kama dakika 20 kwa gari. Ukifika utasema ni bahari, hakuna ng'ambo, mawimbi yanapiga, ndege wanalia. Wa kwangu walivua viatu wakakimbia mpaka majini, ilikuwa mwezi wa tisa, mmoja akachota na kiganja akaonja akanigeukia na uso wa mtu aliyedanganywa, "Mama, bahari hii wamesahau kuitia chumvi!" Tulicheka mpaka mama mmoja Mzungu aliyekuwa amekaa karibu akatuuliza kuna nini, nikamweleza, naye akacheka. Huyo mama ndo alikuwa rafiki yangu wa kwanza Watertown nje ya kambi, na ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji.

Nimeandika sana, nitarudi.

Mlimani10

Mimi niko hapo hapo Drum sahii, mtu wa Eldoret, so naongezea upande wa kambi, juu hata kama Shangazi amesema ukweli, watoto bado watasikia kambi wapende wasipende.

Kwanza kelele. Hii kambi ni zaidi ya eka laki moja na mizinga inapigwa mchana na usiku, hata ukiwa nyumbani madirisha yanatetemeka. Mtoto asipoambiwa mapema ataamka usiku akifikiri ni vita. Waambie wakiwa bado Mombasa: mkisikia buum, hiyo ni baba na wenzake wanafanya mazoezi. Majirani wangu mtoto wao walimpa daftari anachora alama kila akisikia buum, baada ya wiki mbili akasahau daftari na akasahau kuogopa. Helikopta pia, zinapita chini mpaka unaona mtu ndani, hizo nazo watoto wanazipenda haraka.

Pili, saa kumi na moja jioni ndani ya kambi tarumbeta inapigwa bendera ikishushwa. Kila kitu kinasimama. Magari yanasimama, watu wanatoka nje, wenye gwanda wanapiga saluti, raia wanaangalia upande wa bendera kimya. Ukiwa unaendesha na watoto hujaambiwa utashtuka ukiona barabara imeganda. Wafundishe tu, wasimame kimya mpaka iishe. Kijana wa miaka 6 atafurahi sana kuwa na kazi yake kila jioni.

Tatu, beji ya divisheni. Ni ya 10th Mountain, divisheni ya hapa Drum, visu viwili vyekundu vya bunduki vimepishana kama X kwenye rangi ya samawati, hiyo X ni kumi ya Kirumi. Hiyo beji utaiona mpaka kwa kinyozi mjini. Fanya mchezo, wahesabu wameona ngapi. Ni njia ya kumwona baba bila baba kuwa hapo.

Kuhusu yeye kwenda fildi: please usimwache atoke usiku wakiwa wamelala eti ndio wasilie. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo na mtoto anaanza kukataa kulala, juu amejua ukilala watu wanapotea. Aage. Walie. Awaambie ni usiku ngapi, waweke kitu cha kuhesabu kwa friji. Na kama tarehe ya kurudi inaweza kusonga aseme inaweza kusonga, jeshini tarehe husonga.

Vyombo msinunue siku ya kwanza, kuna ofisi ya huduma za familia kambini inaazima sufuria, sahani na vitu vya kuanzia nyumba. Nguo za baridi nunua HUKU sio huko. Jaketi ya Mombasa au hata ya Nairobi haina kazi, hapa nyuzi 20 chini ya sifuri sio ajabu mwezi wa kwanza. Kila mtoto buti za theluji kubwa kidogo zitoshee soksi nzito, suruali ya theluji inayovaliwa juu ya nyingine, kofia ya kufunika masikio, na glovsi jozi mbili manake moja itapotea ama itakuwa imelowa. Maduka ya mitumba yako, watoto wanakua kila mwaka kwa hiyo utapata zilizo karibu mpya.

MwalimuKitale

Hamjambo. Nafanya kazi ya mwalimu msaidizi kwenye shule za huku Marekani, si huko Watertown lakini mji wa jeshi vile vile, na watoto wa aina hii nawapokea kila mwaka. Nakubaliana na mengi ila dada MamaZuu nikuombe kitu kimoja: usigeuke mtalii na watoto wako. Wiki mbili za kwanza mtoto aliyebadilisha saa, hewa, chakula na lugha ya barabarani amechoka kuliko unavyoona. Nimewaona wazazi wanampeleka mtoto maktaba Jumamosi, ziwani Jumapili, mbuga Jumatatu, na Jumanne shuleni mtoto analala juu ya meza, halafu wanashangaa. Sehemu moja kwa wiki yatosha, na irudiwe hiyo hiyo. Mtoto haumiliki mji kwa kuona vitu ishirini mara moja, anaumiliki kwa kurudi pale pale mpaka ajue ngazi ni ngapi.

Na shule ndiyo itakayowazoesha zaidi yako. Fort Drum haina shule ndani ya kambi, watoto wa nyumba za kambini wanaenda wilaya za nje, wengi Indian River au Carthage kutegemea mtaa, na mkipanga mjini ni shule za mji wa Watertown. Hiyo ni bahati, si hasara, kwa sababu mtoto wako anakaa dawati moja na mtoto wa mkulima wa ng'ombe wa maziwa ambaye babu wa babu yake alizaliwa hapo.

Mtajaza fomu ya kuuliza lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili. Wazazi wengi wanaandika Kiingereza wakiogopa mtoto kurudishwa nyuma, matokeo yake anakosa msaada aliostahili. Atapewa mtihani mfupi wa Kiingereza, akifaulu anaendelea, asipofaulu anapata vipindi vya ziada, basi. Nilishuhudia shule moja nisiyoitaja ikimweka binti wa darasa la tano na watoto wa la tatu kwa sababu tu alikuwa hasemi wiki ya kwanza, kumbe alikuwa anatafsiri kichwani. Mama yake alikuja na madaftari yake ya hesabu ya nyumbani, akayafungua mezani, na wiki iliyofuata binti alihamishwa. Bebeni madaftari.

Wazoeshe basi la njano kabla ya siku yenyewe. Likiwasha taa nyekundu magari yote yanasimama, pande zote mbili, ni sheria. Mtoto wa kwetu amefundishwa kukimbia gari, hapa afundishwe kungoja dereva ampe ishara. Na ajue kwamba mapumziko wanatoka nje hata kwenye theluji, asiye na suruali ya theluji anasimama pembeni akiangalia wenzake wakijenga. Hapo ndipo urafiki unapoanzia au unapokosekana.

Jambo la mwisho, watoto wakubwa wanaweza kubeba ukweli. Mwaka 1941 kambi ilipopanuliwa kwa ajili ya vita, vijiji vitano vilifutwa, watu wakapewa muda mfupi kuacha mashamba na nyumba zao. Msingi wa nyumba bado upo porini humo, na jumba la LeRay, Mfaransa tajiri wa zamani wa eneo hilo, bado limesimama ndani ya kambi. Binti wa miaka 10 mwambie hilo. Ataelewa kwamba kwenye ule mji si yeye peke yake aliyewahi kufunga mizigo, na akikutana na mzee anayeitazama kambi kwa jicho la huzuni atajua sababu.

MamaZuu_Msa

Mumenitoa machozi nyote, Mungu awalipe. Hilo la kuaga nimemtumia mume wangu kama lilivyo, alikuwa amepanga kutoka usiku.

Maswali matatu zaidi. Chakula chetu cha halali nitapata wapi na skuli watawapa nini? Giza, mtoto wangu mdogo huogopa giza, ni kweli jua latua saa kumi na nusu? Na ngozi yao. Sijui nilisemeje hili, hapa nyumbani hawajawahi kuwa wao peke yao weusi chumbani.

Shangazi_Tanga

Nijibu kwa kurudi nyuma. Mji wenyewe Wazungu ni wengi sana, ila jeshi linachanganya, darasani watakuta Mpuerto Riko, Mkorea, mweusi wa Georgia, Msamoa. Peke yao chumbani mara chache. Lakini maswali yatakuja. Wa kwangu aliulizwa kama nyumbani tunalala na simba, akanyamaza siku mbili. Nikamuuliza, na yeye wamemuuliza kwa ubaya au kwa kutokujua? Akafikiri, akasema kwa kutokujua. Nikamwambia kesho mpelekee picha ya bibi na mnazi. Alipeleka, mwalimu akaibandika ukutani. Nywele za binti zisuke kabla ya siku ya kwanza mtindo anaoupenda yeye, na umwambie mapema kwamba wengine watataka kuzigusa na anayo haki ya kusema hapana.

Giza ni kweli. Desemba saa kumi na nusu jioni jua limezama, mtoto anashuka kwenye basi kunaanza kuwa jioni. Sisi tulinunua tochi za kichwani, kila mtoto ya kwake, tukawa tunatoka baada ya chakula kukanyaga theluji nyuma ya nyumba. Theluji ina nuru yake, inarudisha mwanga, giza lake siyo zito kama la Kwale bila mwezi. Alione mwenyewe. Na uwaeleze theluji inatoka wapi manake ikishuka inashuka: upepo wa baridi unapita juu ya ziwa lenye joto kidogo, unabeba maji, ukifika nchi kavu unayamwaga yakiwa theluji. Ndo maana kwenu kunaweza kuwa jua na kijiji cha pili hawaoni barabara. Kule Tug Hill kusini kidogo inashuka zaidi ya mita 5 kwa mwaka. Watoto wakijua ni ziwa lao lile lile lisilo na chumvi linalofanya hivyo wanaacha kuiona theluji kama adhabu.

Nyama halali sisi tulikuwa tunafuata Syracuse, kama saa moja na robo kusini kwa barabara ya 81, mara moja kwa mwezi tunajaza friza. Na siyo nyama tu. Syracuse kuna Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu waliokuja kama wakimbizi, utaingia dukani utasikia "karibu mama", kuna unga wa muhogo, maharage, samaki wakavu, mafuta ya mawese. Kiswahili chao watoto wako watakicheka kidogo kwanza na wao watacheka cha kwenu. Waache wachekane. Skuli waandikie barua siku ya kwanza kabisa kwamba hawali nguruwe, mkubwa ajifunze kuuliza mwenyewe kwenye mstari wa chakula. Chakula cha skuli jimbo la New York sasa ni bure kwa watoto wote tangu mwaka wa masomo ulioanza 2025.

Mlimani10

Mkifika mwezi wa kumi msikose samoni. Altmar, njiani kuelekea Syracuse, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha samaki, samoni wanatoka ziwani wanapanda mto Salmon na wanaruka ngazi ya maji kurudi pale walipozaliwa. Mwezi wa kumi ndio wakati wake. Watoto wanasimama pale saa nzima.

Na mchezo mwingine wa bei nafuu: majina ya vijiji. Huku kuna Copenhagen, Denmark, Antwerp, Carthage, Philadelphia, ukishuka chini kuna Mexico. Ni vijiji vidogo vya maziwa. Unaamka Jumamosi unawaambia leo tunaenda Denmark na tunarudi kabla ya lanchi.

Kasri la visiwani, Boldt, hufungwa katikati ya Oktoba, hilo lingojeni mwezi wa tano. Ni visiwa 1,864 kwenye mto wa mpaka na Kanada, mtu wa Lamu atajisikia nyumbani, ila maji ni baridi.

MamaZuu_Msa

Narudi kama nilivyoahidi. Leo ni Desemba, tumemaliza wiki ya saba.

Mwalimu, nilikusikiliza. Sehemu moja kwa wiki, na sehemu yetu ikawa maktaba kila Jumamosi, mpaka yule bibi wa mezani akijua kwamba mdogo hutaka vitabu vya samaki tu. Hiyo ni tangu Altmar. Samoni mmoja aliruka akakosa, akaruka akakosa, mara ya nne akapita, na mtoto wangu akapiga takbir kwa sauti, watu wote wakageuka. Binti madaftari yake tuliyabeba na hakurudishwa darasa. Wiki mbili za kwanza alikuwa akirudi aingia chumbani moja kwa moja bila kusema neno, nikamwacha, nikawa namwekea chai na mahamri mlangoni. Wiki ya tatu akatoka na kikombe akaniambia kuna msichana wa kwao wana ng'ombe 200 na kila ng'ombe ana namba sikioni.

Bibi yao twampigia saa moja asubuhi kabla ya basi, huko ni saa tisa alasiri, ametoka kuswali. Jioni hatuwezi, wakirudi skuli yeye yuwalala.

Babao alikwenda fildi siku 19. Aliaga mchana, walilia wote watatu, tukabandika karatasi kwenye friji. Alisogezewa siku mbili kweli, lakini alikuwa ameshasema, kwa hiyo mdogo aliongeza miraba miwili kwa kalamu yake akanyamaza.

Ninalotaka kuwaambia ni la Jumamosi iliyopita. Amerudi, amelala siku nzima, akaamka akasema haya leo niwapeleke wapi, niwaonyeshe mji. Mdogo akamtazama. Akamwambia baba wewe hujui mji, wewe wajua kambi. Ikawa kweli, miaka miwili mume wangu hajawahi kuingia ile maktaba. Basi siku hiyo alitembezwa yeye. Walitangulia wao mbele na mabuti yao, theluji yafika magotini kwa mdogo, wakamwonyesha meza ya senti tano ilikuwa upande gani, wakamsimamisha darajani asikilize mto, wakamwambia usiseme kitu sikiza tu. Kule maktaba alitaka kuazima kitabu cha injini akaambiwa hana kadi.

Mdogo alivua glovu kwa meno, akatoa kadi yake mfukoni, akainua mkono mpaka juu ya meza akasema, "Andikeni kwangu."